Muulize Fundi: Tai wa Mandello

Safu iliyopita nililitaja jina la Moto Guzzi, kiwanda cha pikipiki cha Italia, kwa mstari mmoja tu, na barua zikamiminika. Nimefurahi sana. Kwa miaka tisa nilishika spana kwenye gereji ndogo kando ya ziwa Como, kaskazini mwa Italia, mwendo mfupi kutoka Mandello del Lario, mji ambao kiwanda hicho kimekaa tangu mwaka 1921. Pikipiki hizo ndizo zilizonifundisha kazi, kwa hiyo leo safu nzima ni yao.

Shikamoo fundi. Mjomba wangu ana Guzzi ya zamani, silinda mbili zimechomoza kushoto na kulia mbele ya magoti. Ikiwa imesimama, ukipiga resi inajilaza yenyewe upande wa kulia. Kuna mtu amemwambia fremu imepinda, inyooshwe. Ni kweli? (Mwanafunzi wa ufundi)

Marahaba. Mwambie mjomba asimruhusu mtu yeyote kuigusa fremu hiyo kwa sababu ya kuinama huko.

Nilikuwa na mteja aliyerudisha V7 yake, Guzzi ya silinda mbili kama ya mjomba, mara tatu kwa lalamiko hilohilo. Mara ya tatu sikufungua hata nati moja. Nilimwomba aikalie, miguu chini, gia ikiwa huru, kisha azungushe mkono wa mafuta polepole kama mtu anayemimina maji kwenye chupa. Mizunguko ikapanda na pikipiki ikabaki wima. Nikamwambia sasa aushtue mkono wa mafuta ghafla. Ikainama kulia, kisha ikarudi. Akarudia mara nne au tano, uso wake ukabadilika, akalipa chai akaenda zake.

Siri iko kwenye krenki shafti, chuma kinachozungushwa na pistoni. Pikipiki nyingi krenki imelala kushoto kwenda kulia. Kwenye Guzzi ya silinda mbili imelala mbele kwenda nyuma, kama ya gari. Ukiilazimisha kuongeza kasi ghafla kuzungukia upande mmoja, mwili wa pikipiki unasukumwa upande wa pili. Mizunguko ikitulia, msukumo nao umekwisha. Ndiyo maana ukiwa barabarani hutausikia sana, ila unapopandisha na kushusha gia kwa pupa.

Injini hiyo ni kazi ya mhandisi Giulio Cesare Carcano. Ilioneshwa Milano mwaka 1965 ikiwa na ujazo wa cc 703, na pikipiki zikaanza kuuzwa mwaka 1967. Silinda zake zimeachana kwa nyuzi 90, pembe ambayo pistoni mbili zinasawazishana vizuri hivi kwamba injini haikutetemeshi mifupa. Na kwa kuwa krenki inaelekea nyuma tayari, nguvu inakwenda moja kwa moja kwenye gia boksi na shafti hadi gurudumu la nyuma. Hakuna cheni ya kukaza wala kupaka oili.

Kitu kingine ambacho fundi atakipenda: kupima nafasi ya valvu. Unavuta kigoda, unakaa ubavuni mwa injini, unafungua kifuniko kimoja, na kila kitu kiko mbele ya macho yako. Unaingiza fila geji, kibati chembamba cha kupimia nafasi, unasikia ikikwaruza kidogo kama kisu kwenye karatasi, unafunga, unahamia upande wa pili. Hutoi tangi, hutoi kiti. Nimefanya kazi kwenye injini ambazo kuifikia valvu tu ni nusu siku.

Kwa nini nembo yao ni tai? Na kama walianzisha watu kadhaa, kwa nini jina ni la Guzzi peke yake? (Msomaji wa muda mrefu)

Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia vijana watatu walikutana kwenye kikosi cha anga cha Italia. Carlo Guzzi alikuwa fundi. Giorgio Parodi na Giovanni Ravelli walikuwa marubani, na Ravelli tayari alikuwa na jina kwenye mbio za pikipiki. Walipatana kwamba vita ikiisha, Guzzi atabuni pikipiki, Parodi atatafuta fedha kwa familia yake iliyokuwa na meli huko Genova, na Ravelli ataziendesha mashindanoni.

Vita ikaisha mwaka 1918. Ravelli akafa mwaka 1919 kwenye ajali ya ndege, kabla hata ya pikipiki moja kutoka. Wenzake wawili wakachukua tai wa marubani wakamweka kwenye tangi kwa ajili yake. Mimi nimeosha matangi mengi yenye tai huyo, na tangu siku nilipoijua habari hii sijawahi kumpitisha kitambaa kwa haraka.

Kuhusu jina, pikipiki ya majaribio iliitwa G.P., yaani Guzzi na Parodi. Lakini G.P. ni herufi za Giorgio Parodi pia, na wakaona kiwanda kibebe jina la Guzzi. Ya kwanza kuuzwa, Normale ya mwaka 1921, ilikuwa na silinda moja iliyolazwa, ikitazama mbele kwenye upepo. Pistoni yake ilikuwa na upana wa milimita 88 na mwendo wa milimita 82. Zama zile injini nyingi zilikuwa na mwendo mrefu kuliko upana, Guzzi akageuza. Flaiwili, gurudumu zito linalotuliza mizunguko ya injini, akaiweka nje, kubwa kama sahani ya pilau, ikizunguka wazi ubavuni. Nguvu ilikuwa kama farasi 8 tu. Ila silinda iliyolala inateremsha uzito karibu na ardhi, na mtindo huo wa silinda ulidumu kiwandani kwa miongo kadhaa.

Mwalimu wetu anasema Guzzi waliwashinda Norton wa Uingereza mbioni kwa ujanja mwaka 1935, si kwa pikipiki bora. Tunabishana darasani. Tuamulie. (Wanafunzi watatu)

Mwalimu wenu ana nusu ya kisa, na hiyo nusu ni tamu, kwa hiyo naanza nayo.

Mbio zenyewe ni TT, mashindano ya pikipiki ya Kisiwa cha Man, kati ya Uingereza na Ireland, daraja la juu la cc 500. Mzunguko mmoja ni kilomita 60 na ushee, barabara za kawaida zenye kuta za mawe na mlima katikati, na walipaswa kuzunguka mara saba. Hali mbaya ya hewa iliahirisha mbio hadi Jumamosi. Norton walikuwa na Jimmie Guthrie, mtu mgumu, aliyeondoka wa kwanza. Guzzi walikuwa na Stanley Woods wa Dublin, aliyepewa namba 30. Washindani waliachiwa kwa kupishana nusu dakika, kwa hiyo Woods alianza dakika 14 na nusu baadaye. Shikeni hesabu hiyo.

Mzunguko wa mwisho ulipoanza, Guthrie alikuwa mbele kwa sekunde 26. Kwenye kituo cha Guzzi mafundi walisimama na vifaa vya mafuta, tayari kumjazia Woods. Kambi ya Norton ikaona, ikaamini: akisimama, kazi imekwisha. Woods hakusimama. Alipita pale kidevu kikiwa juu ya tangi, mafuta yaliyobaki yakimtosha, na akazunguka kwa rekodi ya zaidi ya kilomita 139 kwa saa. Guthrie alikuwa ameshamaliza kitambo, watu wanampongeza kama mshindi. Saa ilipohesabiwa, Woods alikuwa ameshinda kwa sekunde 4.

Huo ndio ujanja, na sina haja ya kuukana. Lakini mwulizeni mwalimu: sekunde 26 zilifutwaje? Kituo cha mafuta hakimwongezei mtu kasi kwenye kona. Guzzi ya Woods ilikuwa na springi nyuma. Norton ya mwaka ule haikuwa nazo, gurudumu la nyuma lilifungwa kwenye fremu kavu. Kwenye barabara yenye matuta kama ile, pikipiki isiyo na springi nyuma inaruka, na gurudumu likiwa hewani halisukumi kitu.

Springi zile nazo hazikuzuka kwa ajili ya mbio. Mwaka 1928 kiwanda kilitoa pikipiki ya safari, GT, yenye springi nyuma, zilizofichwa kwenye sanduku chini ya injini. Wanunuzi waliogopa. Waliamini pikipiki ya namna hiyo itayumba na kumtupa mtu. Giuseppe Guzzi, kaka yake Carlo, ambaye ndiye aliyeshughulikia fremu ile, akaipanda akaenda nayo hadi kaskazini kabisa mwa Norwei, na tangu hapo watu wakaiita Norge, yaani Norwei. Hapo ndipo ninapowapenda watu hawa. Jambo lilianzia kwenye mgongo wa msafiri, miaka saba baadaye likachukua kombe.

Kwa hiyo jibu langu: ujanja uliwapumbaza Norton, pikipiki ikafanya yaliyobaki. Wiki hiyohiyo Woods alikuwa ameshinda pia daraja la cc 250 kwa Guzzi. Miaka miwili baadaye Omobono Tenni akalitwaa daraja hilohilo, Mwitaliano wa kwanza kushinda TT.

Fundi, nimesikia walitengeneza pikipiki ya mbio yenye silinda nane. Inawezekana? (Dereva wa lori)

Inawezekana, na nimesimama mbele yake Mandello, kwenye jumba la makumbusho la kiwanda, mpaka mlinzi akaja kuniambia wanafunga.

Carcano yuleyule wa V7 ndiye aliyeibuni, ikatoka mwaka 1955. Cc 500 zimegawanywa kwa silinda nane: kila moja ina cc 62 hivi, pistoni ya milimita 44. Weka pistoni hiyo kiganjani ukakunja vidole, inapotea. Silinda nne zinatazama mbele na nne nyuma kwa nyuzi 90, zinapozwa kwa maji, na kila moja ina kabureta yake. Ilizunguka hadi mara 12,000 kwa dakika na kupita kilomita 270 kwa saa, juu ya matairi membamba na breki za ngoma za wakati ule. Wewe unayeendesha lori unajua maana ya kuwa na mwendo kuliko breki.

Ilikuwa kali na ilikuwa dhaifu. Dereva Dickie Dale alishinda nayo mbio za Imola, Italia, mwaka 1957, na mwaka huohuo akamaliza wa nne kwenye TT silinda saba zikifanya kazi, ya nane imekufa. Ubingwa wa dunia haikuupata kamwe.

Sasa linganisha na ndugu yake mdogo. Kwenye daraja la cc 350 Carcano alikuwa na pikipiki ya silinda moja, ileile iliyolala ya tangu Normale. Wapinzani walikuja na silinda tatu na nne. Yeye akapunguza uzito mpaka pikipiki ikawa chini ya kilo 100, na akapigana na upepo. Mwaka 1950 kiwanda kilijenga handaki la upepo, jengo lenye feni kubwa ambamo dereva alilala juu ya pikipiki halisi huku wakipima namna hewa inavyompita. Jengo lile bado liko. Matokeo ni ubingwa wa dunia miaka mitano mfululizo: Fergus Anderson 1953 na 1954, Bill Lomas 1955 na 1956, Keith Campbell 1957. Ukiniuliza kipi ni kikubwa zaidi, silinda nane au miaka mitano hii ya silinda moja, sitasita. Silinda moja.

Mwisho wa mwaka 1957 Guzzi na viwanda vingine viwili vya Italia, Gilera na Mondial, walijitoa kwenye mbio za dunia kwa pamoja. Gharama zilikuwa zimepanda, na Waitaliano walianza kuacha pikipiki na kununua magari madogo.

Bibi yangu anakumbuka pikipiki ya mapadri wa Italia, yenye tairi la akiba mbele. Ni Guzzi hiyo? (Msomaji)

Mpe shikamoo yangu. Ndiyo, hiyo ni Galletto, iliyoanza mwaka 1950. Mbele ya miguu ni wazi kama skuta, kwa hiyo mwenye kanzu anapanda bila shida, lakini magurudumu ni makubwa kuliko ya skuta na yanastahimili njia za vijijini. Tairi la akiba linafungwa mbele, na linaingia gurudumu lolote kati ya mawili.

Na wewe, ungepewa moja ungechukua ipi? (Wengi mmeuliza hili)

V7 Sport ya mwaka 1971. Carcano alikuwa ameondoka, na kazi ilikuwa mikononi mwa Lino Tonti. V7 ya mwanzo ilikuwa ndefu kwenda juu kwa sababu dainamo ilikaa katikati ya silinda mbili, ikizungushwa kwa mkanda, na fremu ililazimika kupita juu yake. Tonti aliitoa pale, akafunga altaneta mbele ya krenki. Nafasi ikapatikana, na mabomba ya fremu yakateremka katikati ya silinda, yamenyooka kama rula. Injini, ambayo wakati huo ilikuwa imeshakuzwa hadi cc 757, akaipunguza hadi cc 748 ili ikae ndani ya daraja la 750. Chache za mwanzo zina fremu ya chuma chepesi iliyopakwa rangi nyekundu, na nilipewa moja niifanyie usafi wa kabureta. Niliimaliza saa nne usiku. Sikuwa na haraka ya kuirudisha.

Wewe mwanafunzi wa ufundi, mwombe mjomba umulike tochi chini ya tangi, katikati ya silinda. Ukikuta dainamo yenye mkanda, mjomba ana fremu ya zamani ya mviringo. Ukikuta pako wazi na mabomba yameshuka yamenyooka, ana fremu ya Tonti. Niandikie umeona nini.