Bulanjeri imetiwa lakiri, wafanyakazi wananidai miezi mitatu: nifanye nini?

SWALI: Jambo Maître (wakili). Nina bulanjeri ndogo, yaani mahali pa kuoka na kuuza mkate, hapa Katuba, Lubumbashi, yenye wafanyakazi 11. Watu wa kodi waliniletea karatasi mara mbili, sikujibu kwa sababu niliona kiasi walichoandika si changu. Sasa wametia lakiri mlangoni, na benki inasema akaunti imezuiwa. Wafanyakazi wananidai mishahara ya miezi mitatu: miwili ya kabla ya kufungwa, mmoja wa baada. Nimewaambia pesa zao zimekamatwa na serikali, waende wakazidai huko. Nimesema kweli? Tena, unga uko ndani unaharibika. Kuna mlango wa nyuma ambao hawakuuona. Naweza kuingia niutoe?

JIBU: Jambo Mama. Nianze na mlango wa nyuma, maana huo ndio unaoweza kukuponza usiku huu huu. Usiingie. Lakiri, hata ikiwa ni karatasi tu iliyogandishwa kwa gundi na mhuri juu yake, kuivunja ni kosa la jinai, na kuizunguka kwa mlango mwingine kutakupeleka kwenye mashtaka yale yale. Niliwahi kumsimamia fundi wa milango ya chuma kule Kampemba aliyeibandua usiku ili atoe mashine yake ya kuchomelea. Mteja alikuwa anangoja, na mashine ilikuwa yake kweli. Asubuhi maajenti walikuta nusu ya karatasi imebaki ukutani, nusu inaning'inia kwenye bawaba, na shauri lililokuwa la hesabu likahamia parke, yaani ofisi ya mwendesha mashtaka. Deni la kodi halikupungua hata faranga moja.

Unga wako una njia nyingine. Mwandikie mkuu wa kituo kilichotia lakiri, uombe ufunguliwe kwa saa chache mbele ya maajenti wake utoe vitu vinavyooza. Taja kila kitu kwa hesabu: magunia ya unga, katoni za hamira, mitungi ya mafuta. Wakikubali, hesabu iandikwe upya mlangoni na pande zote mbili zitie sahihi. Hilo ni ombi, hawalazimiki kulikubali, lakini nimeona likikubaliwa. Barua peleka nakala mbili, na yako irudi na mhuri wa kupokelewa na tarehe. Bila mhuri huo, kesho utaambiwa hukuandika kitu.

Sasa wafanyakazi. Ulichowaambia si kweli, Mama, nami nakuomba uwaite ukirekebishe. Idara ya kodi haikuajiri mtu wa kukanda unga wako. Sheria ya Kazi, namba 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, inataka mshahara ulipwe kwa vipindi visivyozidi mwezi, na ulipwe ndani ya siku 6 baada ya kipindi kwisha. Miezi miwili ya kwanza mlango ulikuwa wazi na mkate ulikuwa ukiuzwa. Hiyo ni yako yote, hakuna wa kumsingizia.

Mwezi wa tatu una maneno zaidi. Sheria hiyo hiyo inakubali mkataba usimame kwa muda ikitokea nguvu kubwa isiyozuilika, ile inayoitwa force majeure, na najua utashauriwa uitumie. Mimi sitakushauri hivyo. Nguvu ya namna hiyo ni jambo ambalo mtu hakuweza kulijua mapema wala kulizuia. Wewe uliletewa karatasi mara mbili ukaziweka kando. Mbele ya hakimu wa Mahakama ya Kazi, karatasi hizo mbili ndizo zitakazokuangusha. Ihesabu miezi yote mitatu kuwa deni lako, ndipo tutafute namna ya kulilipa.

Kuna jambo ambalo wafanyakazi wako lazima walijue, nawe uwe wa kwanza kuwaambia, hata kama linakugusa mfuko. Dai la mshahara linakufa baada ya mwaka 1 tangu siku ulipotakiwa kulipwa, wakati madai mengine mengi ya mkataba wa kazi yana miaka 3. Katika kazi yangu nimepokea watu waliofika mwezi wa kumi na nne, wa kumi na tano. Ukiwauliza kwa nini mmechelewa, wanasema: mukubwa alituahidi, tukamheshimu. Mtu ameamka saa nane za usiku kuwasha tanuri, ana watoto wa shule, ametegemea ahadi ya mdomo, na heshima yake ndiyo iliyompokonya haki. Usiwafanyie hivyo watu waliokujengea jina Katuba.

Kwa hiyo mguu wa kwanza upeleke kwa inspekta wa kazi. Wengi huona ni kama kwenda kujishtaki. Lakini mgogoro wa mfanyakazi mmoja mmoja hauingii Mahakama ya Kazi kabla haujapita kwa inspekta kwa usuluhishi, kwa hiyo mtafika tu. Heri mfike pamoja. Nenda na orodha: jina, kazi, tarehe ya kuanza, mshahara wa mwezi, kilicholipwa, kilichobaki. Pendekeza mpango wa kulipa ambao kweli utauweza, ukianza na wale wa kipato cha chini. Mkikubaliana, inspekta anaandika procès-verbal, yaani hati rasmi, ya maelewano. Mikononi mwa wafanyakazi hiyo ni karatasi yenye uzito kuliko ahadi zako zote. Na wewe pia una faida: unaiambatanisha na barua utakayoipelekea idara ya kodi, uonyeshe kuwa kufungwa kwa akaunti ile kumezuia mishahara ya watu 11 iliyohesabiwa na kutiwa sahihi mbele ya ofisa wa serikali.

Kuhusu akaunti, usipoteze asubuhi kugombana na mtu wa guichet, dirishani mwa benki. Kwa yanayoonekana, benki imepokea avis à tiers détenteur, yaani amri ya idara kwa anayeshika pesa zako. Benki haiwezi kuilegeza. Anayeiondoa ni yule aliyeitoa. Kwake unaomba mambo mawili kwa barua moja: kulipa kwa awamu kile unachokubali, na kuachiliwa sehemu ya akaunti kwa ajili ya mishahara iliyo kwenye procès-verbal. Chochote utakacholipa kipitie benki, upewe stakabadhi. Usimpe ajenti pesa mkononi, hata akikuahidi kuondoa lakiri leo jioni.

Unasema kiasi si chako, na inawezekana una haki. Lakini asiyejibu hukadiriwa na idara yenyewe, na hapo mzigo wa kuthibitisha unahamia kwako. Tafuta karatasi inayoitwa avis de mise en recouvrement, yaani ilani ya kukudai kodi, uangalie siku ulipoipokea. Tangu siku hiyo, sheria ya taratibu za kodi, namba 004/2003 ya tarehe 13 Machi 2003, inakupa miezi 6 ya kupeleka malalamiko kwa maandishi. Yawe na hesabu ndani: daftari la mauzo, ankara za unga, bili za umeme za tanuri. Kusema tu "ni nyingi" hakusaidii.

Utasikia kwamba mshahara unatangulia kodi. Ni kweli, lakini ni katika hali moja tu: kampuni ikifilisika au ikivunjwa kwa amri ya mahakama, wafanyakazi hulipwa kabla ya wadai wote, hata Hazina ya Serikali. Wewe hujafika huko, na sikutakii. Ukiona madeni yamekuzidi kabla hujashindwa kulipa kabisa, Kongo iko ndani ya OHADA, umoja wa nchi za Afrika zenye sheria moja za biashara, tangu tarehe 12 Septemba 2012, na sheria zake zina règlement préventif: unaomba mahakama isimamishe wadai kwa muda ili upange nao namna ya kulipa. Biashara yenye wafanyakazi wasiozidi 20 na mauzo madogo ina utaratibu mwepesi zaidi. Hilo usilifanye bila mwanasheria.

Wiki hii weka karatasi zote kwenye folda moja kwa tarehe, hata zile ulizozikunja kwa hasira. Jumatatu nenda kwa inspekta na wawakilishi wawili wa wafanyakazi, mmoja wao awe yule anayekudai muda mrefu kuliko wote. Tarehe ya mshahara wake wa kwanza ambao hukulipa iandike juu ya folda, maana mwaka wake umeshaanza kuhesabiwa.