Mwalimu na mwanafunzi lazima wakosane?

SWALI: Shikamoo anti. Niko mwaka wa tatu nasoma saikolojia, tumefika kwa Freud na Jung, wale madaktari waliochunguza akili na ndoto za watu, walivyopendana kama baba na mwana halafu wakakatana kabisa. Imeniuma maana na mimi kuna mwalimu ndo kanilea kimasomo, ila siku hizi kwenye mambo mengi tunapishana. Hivi lazima tuishie kama wale?

JIBU: Marahaba mwanangu. Si lazima, ila ngoja nikwambie wale walipoharibu. Walipoonana mara ya kwanza kule Vienna, Machi 1907, walipiga stori kama masaa 13, Freud ana miaka 50 na Jung 31, na haikuchukua muda Freud akaanza kumwita mrithi wake. Mwaka 1909 wakapanda meli moja kwenda Marekani, safarini wakawa wanafasiriana ndoto, Jung akamuuliza mzee mambo yake ya siri ili aelewe ndoto yake moja, Freud akagoma, eti hawezi kuhatarisha mamlaka yake. Jung alisimulia uzeeni kwamba mamlaka yenyewe yalimtoka mzee palepale. Mabishano ya nadharia yalikuwepo na yalikuwa makubwa, ila mimi naona kidonda kilianzia hapo. Desemba 1912 Jung akaandika barua kali kwamba Freud anawafanya wanafunzi wake kama wagonjwa, Januari 1913 Freud akajibu basi urafiki tuuache.

Sasa sikia ya John Hunter, daktari mpasuaji wa London, na Edward Jenner huyu wa chanjo ya ndui. Jenner alikaa nyumbani kwa Hunter kuanzia 1770 akijifunza, baada ya miaka miwili akarudi kwao Berkeley, hukohuko Uingereza, Hunter akamwita waje wafanye kazi pamoja, akakataa, na mzee wala hakununa, akaendelea kumwandikia na kumwagiza kalunguyeye wa kufanyia majaribio! Baadaye Hunter akaanza kuumwa kifua, Jenner akahisi ni mishipa ya damu ya moyo imekakamaa, lakini akaogopa kumvunja moyo mwalimu wake, akakaa kimya. Hunter alipofariki 1793 wakampasua, wakakuta ni kweli. Kila nikiisoma hii machozi yananilenga.

Wewe usisubiri mpaka mfike kwenye barua. Usimbishie mbele ya darasa, nenda ofisini kwake peke yako, mwambie mnapishana wapi na kwa nini, na akikasirika siku hiyo mpe wiki mbili halafu rudi tena.