Kopo la Prince Albert lenye "1907": umri wake, na namna ya kulisafisha bila kuliharibu

Swali lilikuwa hili: kopo la tumbaku la Prince Albert, lile bapa la mfukoni, nyuma lina maandishi "Process Patented July 30th, 1907". Je, lina zaidi ya miaka mia, na lisafishwe kwa kitu gani?

Hiyo 1907 ni hataza (haki ya mvumbuzi) ya namna ya kutayarisha tumbaku, haihusu kopo. Watengenezaji wake, kampuni ya Marekani ya R. J. Reynolds, waliichapa kwa miongo mingi, kwa hiyo peke yake haikuambii kitu. (Na aliye kwenye picha ya kopo si mume wa Malkia Victoria kama wengi wanavyodhani. Ni mtoto wao, Edward VII, kabla hajawa mfalme.)

Angalia mabaki ya stempu ya kodi, ule ukanda wa karatasi uliobandikwa kupita juu ya kifuniko. Ukisoma "Series 108", jumlisha 1830, unapata 1938. Hesabu hii inaanzia Series 102, yaani 1932. Kama stempu imebanduka yote, basi kuna mipaka tu: anwani yenye namba ya ZIP, yaani msimbo wa posta wa Marekani, haiwezi kuwa ya kabla ya 1963, na msimbopau si wa kabla ya 1974. Bei nayo usidanganyike. Wachimba madini wa Marekani Magharibi walitia hati za vitalu vyao ndani ya makopo ya namna hii na kuyaacha kwenye rundo la mawe, na mengine bado yanaokotwa jangwani. Prince Albert si adimu hata kidogo.

Sasa usafi, ambapo ndipo makopo mengi hufia. Ile rangi ya dhahabu kwenye makopo ya zamani mara nyingi si wino wa dhahabu. Ni vanishi ya manjano inayopenyesha mwanga, imepakwa juu ya bati tupu. Kinachong'aa ni bati lenyewe. Pitisha pamba yenye spiriti, thina au asetoni hapo, pamba inatoka ya manjano na kopo linabaki jeupe kama fedha. Hairudi tena.

Kwa hiyo anza na brashi laini, kavu. Halafu matone mawili ya sabuni ya vyombo kwenye robo lita ya maji vuguvugu, kijiti cha pamba kilichokamuliwa, na ujaribu kwanza chini ya kitako, eneo dogo kama ukucha. Rangi ikitoka, acha. Usiloweke kopo kamwe: maji hujificha kwenye mkunjo wa bati, na kutu huanza ndani usikoiona. Kausha papo hapo, kisha pitisha kikausha nywele cha moto mdogo kwenye maungio. Siki, magadi, dawa ya meno na waya wa kusugulia sufuria, vyote hapana. Msasa pia hapana, maana rangi za zamani huweza kuwa na madini ya risasi na vumbi lake ni sumu.

Mwisho paka nta nyembamba isiyo na vichembe. Polishi ya gari mara nyingi inavyo, na hukwangua herufi.

Liweke mbali na dirisha, nyekundu hupauka upesi. Kwa walio Mombasa, Tanga au Unguja, kabati lenye mlango na vipakiti viwili vya silika, vile vya kunyonya unyevu. Hewa ya chumvi haingoji.