Je, Iraki Ingeweza Kuwa Japani ya Pili?

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, kila tunapobishana kuhusu vita vya Iraki, mwenzangu hushikilia kwamba Marekani ilikosea kuondoa majeshi yake mwaka 2011, kwa kuwa yamekaa Japani na Korea ya Kusini kwa miongo mingi na nchi hizo zikastawi. Hoja hiyo ina uzito? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Mwenzako hayuko peke yake, kwani Rais George W. Bush alitoa mifano hiyo hiyo katika hotuba yake ya Agosti 2007 mjini Kansas City. Kasoro ya hoja hiyo ni kuhesabu miaka ya kukaa bila kuuliza ni nini kilichowawezesha askari kukaa.

Japani ilisalimu amri Agosti 1945 kwa tangazo la mfalme wake, Hirohito, ambaye aliachwa kwenye kiti chake. Wizara ziliendelea na kazi, na maagizo ya Jenerali Douglas MacArthur, Mmarekani aliyesimamia ukaliaji huo, yakapitia kwa maofisa wale wale ambao wananchi walizoea kuwatii. Iraki hakuna aliyesalimu amri kwa niaba ya nchi. Isitoshe, Mei 2003 Paul Bremer, aliyeongoza utawala wa ukaliaji, aliwafukuza kazini wakubwa wa chama cha Baath, kilichotawala chini ya Saddam Hussein, kisha siku chache baadaye akalivunja jeshi zima, akawaacha mitaani malaki ya watu wenye ujuzi wa silaha, wasio na mshahara na wenye kinyongo. Kwa maneno mengine, kile kilichoituliza Japani ndicho alichokibomoa.

Mfano wa Korea unafanana na Iraki kidogo zaidi, maana huko askari wanamkabili adui aliye ng'ambo ya mpaka, kwa mkataba na serikali mwenyeji.

Mfano ulio karibu zaidi ni Ufilipino, iliyotwaliwa na Marekani kutoka kwa Hispania mwaka 1898 na kupewa uhuru mwaka 1946. Bush aliutaja pia, mjini Manila, Oktoba 2003, akisema kwamba askari wa Marekani na wa Ufilipino waliikomboa Ufilipino kwa pamoja. Vita ambavyo Marekani ilipigana na Wafilipino hao hao kuanzia 1899 hakuvigusia.

Seneta John McCain, aliposema Januari 2008 kwamba hata miaka 100 ya kukaa Iraki haingemsumbua, aliweka sharti: mradi Wamarekani wasiwe wanajeruhiwa wala kuuawa. Wakati huo, karibu askari 4,000 wa Marekani walikuwa wamekwisha kufa huko.