Panya buku kufugwa Florida? Soma hapa kwanza

Mkuu, umeuliza kama inafaa kumpata panya buku umfuge hapo kwako Florida kwa vile umeona wale wa Morogoro, chuo cha kilimo cha Sokoine (SUA), wanavyonusa na kugundua mabomu ya ardhini na ukawapenda. Kwa kifupi usithubutu. Toka 2003 Marekani wamepiga marufuku kuingiza panya wa Afrika, kwa sababu mwaka huo mzigo wa wanyama kutoka Ghana ulileta ndui ya nyani (mpox), buku wakawaambukiza wanyama wengine wa kufugwa na hao wakawapa watu.

Halafu hapo hapo Florida yashatokea. Kisiwa cha Grassy Key mwishoni mwa miaka ya 90 buku wachache tu wa mfugaji waliingia mtaani, wakazaliana, serikali ikahangaika na mitego na sumu miaka na miaka. Hofu yao kubwa ni wafike bara wakaingia kwenye mashamba ya matunda, na kweli ukimjua buku huwezi kuwacheka. Nyumbani tuliwahi kumkuta mmoja stoo ya mahindi, mashavu yamevimba kama kaweka ndimu mbili, anajaza anaenda kumwaga shimoni anarudi tena, na jitu lenyewe kilo nzima na zaidi!

We kama unamuona mmoja hapo usimshike kwa mkono aisee, piga picha, ripoti ofisi ya wanyamapori ya jimbo. Ukitaka kufuga chukua sungura, ila uliza sheria za hapo kwanza.