Ganzi au nusu kaputi? Tunajibu maswali yenu kuhusu upasuaji wa urembo

SWALI: Shikamoo daktari. Nina miaka 38, uzito wangu kilo 70, na nataka kunyonywa mafuta ya tumbo, mgongo na mapaja. Kliniki moja imeniambia hawatumii nusu kaputi, ni ganzi tu, na jioni narudi nyumbani. Dada yangu hataki hata kusikia. Anasema niende hospitali nikalazwe usingizi kabisa. Nimsikilize nani? – Msomaji, Dodoma

JIBU: Marahaba. Kliniki haijakudanganya, ila imekuambia nusu ya habari. Ganzi ya kunyonya mafuta si ile sindano moja ya kung'oa jino. Kwenye lita 1 ya dripu ya chumvi hutiwa lidokeini, yaani dawa ya ganzi yenyewe, miligramu 500 hadi 1,000 pamoja na adrenalini miligramu 1, kisha maji hayo husukumwa chini ya ngozi. Adrenalini hubana mishipa midogo, dawa ikaingia kwenye damu polepole; ndiyo maana mwili hustahimili dozi ambayo ingekuwa hatari ikichomwa bila adrenalini.

Lakini kipimo kipo. Madaktari wengi waangalifu hawavuki miligramu 35 kwa kila kilo ya uzito, kwako 2,450. Mchanganyiko ukiwa wa miligramu 1,000 kwa lita, hiyo haifiki hata lita 2 na nusu, na sehemu tatu kwa siku moja zinaweza kudai zaidi kwa urahisi. Kwa hiyo waulize: jumla nitapewa miligramu ngapi? Asiyekuwa na namba, usimpe tumbo lako.

Dawa hii hufika kileleni kwenye damu baada ya saa 8 hadi 16, yaani ukiwa umeshalala kwako. Dalili za dawa kuzidi mwilini huanza na midomo kufa ganzi, ladha ya chuma mdomoni na masikio kuvuma. Zikizidi ni degedege, na moyo unaweza kusimama. Usiku huo usilale peke yako, na ukiona dalili hizo nenda hospitali mara moja. Kliniki nayo iwe na dripu ya mafuta ya asilimia 20, dawa ya kumwokoa aliyezidiwa na lidokeini, inayoanza na takriban mililita 100 kwa uzito wako, iwepo pale pale chumbani, si "tutaagiza". Tena taja kila dawa unayotumia. Erithromaisini (antibayotiki), flukonazoli (dawa ya fangasi) na ARV zenye ritonaviri hulichelewesha ini kuondoa lidokeini.

Kuna jingine. "Ganzi tu" mara nyingi huja na sindano ya kutuliza: midazolamu, ketamini au propofoli. Hapo anahitajika mtaalamu wa usingizi aliyesajiliwa, asiye na kazi nyingine ila kuangalia pumzi yako. Kibano cha kidoleni, kinachopima oksijeni kwenye damu, hakitoshi: ukiwa umewekewa oksijeni puani unaweza kuacha kupumua na bado kikasoma 98 kwa dakika kadhaa. Kapnografu, inayopima hewa ya ukaa unayotoa, huonyesha papo hapo. (Piko nyeusi na kucha za bandia huvuruga kibano hicho, acha walau vidole viwili vitupu.)

Mimi ningekushauri uanze na tumbo peke yake, kwa ganzi. Ukitaka yote siku moja, au ngozi ya tumbo ikatwe, dada yako yuko sahihi: nusu kaputi, hospitalini, na ulale huko. Kipimo cha lidokeini hakibadiliki hata hapo, kwa sababu aliyelala hawezi kusema midomo inamfa ganzi.

SWALI: Nina keloidi (kovu lililovimba) ya sikio, ukubwa wa punje ya maharage. Wanataka kunipa nusu kaputi ili kuitoa. Lazima? – Msomaji, Kisumu

JIBU: Kwa mtu mzima, hapana. Mililita chache za lidokeini kwenye ndewe zinatosha. Mtoto mdogo asiyetulia ni habari nyingine.

SWALI: Nimepangiwa kupunguzwa matiti kwa nusu kaputi saa 2 asubuhi. Nisile tangu lini? Najichoma sindano ya semaglutidi kila wiki. – Msomaji, Mombasa

JIBU: Chips na nyama ziishe saa nane kabla ya upasuaji, yaani saa 6 usiku. Mlo mwepesi, uji na chai ya maziwa mwisho saa 8 usiku. Wengi huteleza hapo, wakidhani chai si chakula. Maji matupu au chai ya rangi mpaka saa 12 asubuhi. Chakula kikibaki tumboni kinaweza kupanda na kuingia mapafuni ukiwa umelala.

Semaglutidi, dawa ya kisukari na ya kupunguza uzito, huchelewesha tumbo kujimwaga, hivyo saa hizo pekee huenda zisitoshe. Mwambie daktari wa usingizi siku unapopangiwa tarehe, si asubuhi ya upasuaji. Anaweza kukusimamishia dozi ya wiki hiyo, kukuweka kwenye vinywaji vitupu kwa saa 24, au kukupima tumbo kwa ultrasaundi. Kama unaitumia kwa kisukari, usiiache kwa uamuzi wako mwenyewe.