Kundi la mbio hupimwa mwezi wa nne

Toka nje alfajiri mwezi wa kwanza hapa Moshi, utadhani mji mzima umeajiriwa kukimbia. Shanty Town kuna watu, njia ya hospitali ya KCMC kuna watu, na barabara ya Mweka ndiyo usiseme. Sababu haijifichi. Kilimanjaro Marathon, inayofanyika hapa tangu 2003, huwa mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi, na hakuna mwenyeji anayetaka wageni wamkute anajikokota kwenye mlima wa Mweka. Siku ikishapita, medali zinapigwa picha, masika yanaanza, na barabara zinarudi kwa wauza maziwa na wanafunzi.

Nimekimbia na makundi kadhaa mjini hapa, na nimeyaona yakizaliwa Oktoba na kuzikwa Machi. Ndiyo maana mtu akiniuliza afanye nini asiishie njiani, huwa simpi maneno ya kumtia moyo. Namuuliza swali moja: mwezi wa nne utakimbia na nani? Akiwa na jibu, basi ana kundi. Akisita, ana watu aliojiandikisha nao mashindano tu.

Ari ya mwanzo kila mtu anayo. Inakuja na raba mpya, hata kama upya wenyewe ni wa soko la mitumba la Memorial. Lakini saa kumi na moja alfajiri, mvua inagonga bati na blanketi limepata joto, ari haimwamshi mtu. Kinachomwamsha ni kujua kwamba Mwalimu, mzee wa miaka sitini na kitu, ameshavaa koti lake la mvua na atasimama pale tulipokubaliana akiangalia barabara. Unaweza kujidanganya mwenyewe usiku kucha. Kumwacha mzee amesimama kwenye manyunyu ni jambo jingine kabisa.

Wahamasishaji wetu wanapenda sana kumtaja John Stephen Akhwari, aliyeanguka na kuumia goti kwenye marathoni ya Olimpiki ya Mexico City mwaka 1968, akamaliza wa mwisho akiwa na bandeji mguuni. Heshima yake haina mjadala. Ila kwangu huo si mfano wa Jumanne asubuhi. Akhwari alikuwa na nchi nzima nyuma yake, na ilikuwa siku moja. Wewe una mwaka mzima wa Jumanne, na goti likiuma unapaswa kusimama, urudi nyumbani, upumzike mpaka lipone. Mtu wa kukwambia "leo rudi" ana faida kuliko mtu wa kukupigia makofi.

Sasa tuje kwenye namna kundi linavyodumu, maana hapo ndipo wengi wanapokosea.

Karibu kila grupu la WhatsApp la mbio lina ujumbe ule wa saa tatu usiku: "Wakuu, kesho nani yupo?" Ujumbe huo umeua makundi mengi kuliko mvua. Kila mtu anausoma, anasubiri mwenzake ajibu kwanza, anaona kimya, analala akiwa ameshapata ruhusa. Sisi tuligeuza utaratibu. Siku zinajulikana: Jumanne, Alhamisi na Jumamosi. Mahali panajulikana: mzunguko wa YMCA. Saa inajulikana: kumi na mbili kasorobo. Aliyenyamaza anakuja. Asiyekuja ndiye anayeandika, tena aandike kabla ya kulala, kwa sababu ikifika asubuhi kila mtu ana sababu nzuri.

Utashangaa jambo dogo hilo linavyofanya kazi. Nesi wetu anaandika, "Kesho sipo, nina zamu ya usiku," na hakuna anayemuuliza zaidi. Lakini mtu mwenye afya zake, ambaye hana zamu wala safari, akishika simu aandike "kesho sijisikii tu", vidole vinakataa. Anaona haya, anafuta, anatega alamu. Hatumlazimishi. Tumemwachia yeye mwenyewe kazi ya kukataa, na kazi hiyo ni ngumu kuliko kukimbia.

Kungoja nako kuwe na mwisho. Dakika tano, halafu tunaondoka. Kundi linalomngoja mchelewaji nusu saa linawaadhibu wanaowahi, na wanaowahi ndio watakaoacha kuja. Mchelewaji anajua njia, atatukuta, maana tunapanda taratibu. Faini siziungi mkono. Nimewahi kuwa kwenye kundi ambalo mchelewaji alinunulia wenzake supu. Tulicheka wiki ya kwanza. Kijana wa bodaboda aliyekuwa anakuja akitokea kazini usiku alichelewa mara mbili, hakuonekana tena. Kuna watu ambao sahani tano za supu ni hesabu ya siku nzima.

Idadi pia ina maneno yake. Klabu kubwa za jogingi zina raha yake, sikatai: vizibao vinavyong'aa, kiongozi anaimbisha, wengine wanaitikia kama mchakamchaka wa shule, mnafika mahali mnakutana na klabu nyingine mnacheza. Jumamosi moja moja nenda, utarudi umefurahi. Lakini penye watu arobaini, usipokuja hakuna anayejua. Kwa siku za kazi nashauri watu wanne hadi sita, wanaokaa jirani kiasi kwamba hakuna anayehitaji daladala kufika. Wakiwa wawili tu, mmoja akisafiri kundi limekufa. Wakizidi sita, kila mmoja anadhani wengine wanatosha.

Halafu kuna kasi. Hapa ndipo urafiki unapoingia majaribuni. Wenye miguu myepesi wanataka kwenda, wa nyuma anakimbia amebanwa na kichomi huku akiwaomba radhi, na baada ya wiki mbili anaanza kupata udhuru. Ushauri wa kawaida ni kwamba wote waende kwa mwendo wa wa mwisho. Ni mzuri kwa Jumanne. Kipimo chake hakihitaji saa ya bei mbaya: kama huwezi kumaliza sentensi bila kukata pumzi, mnakwenda mbio mno. Mwalimu ana kipimo chake. Tukimwamkia "Shikamoo Mwalimu" pale mwanzo anaitika vizuri. Tukifika juu akashindwa kubishana kuhusu Simba na Yanga, tunajua tumezidisha.

Ila ukimfungia mwenye kasi kwenye mwendo huo kila siku, naye atachoka na nyinyi. Dawa tuliyoipata ni kugeuza kwa saa badala ya umbali. Tunaondoka pamoja, kila mtu anapanda kwa uwezo wake, na dakika ya ishirini na tano, popote ulipo, unageuka. Aliye mbele yuko mbali, kwa hiyo ana njia ndefu ya kurudi. Aliye nyuma hajafika mbali, ana njia fupi. Mnafika chini karibu pamoja. Moshi inafaa sana kwa mchezo huu kwa sababu ukielekea kaskazini ni kupanda tu, na kurudi ni kushuka. Tahadhari moja: mteremko unadanganya. Unajiona una nguvu, kumbe mapaja ndiyo yanayofunga breki, na kesho yake kushuka ngazi itakuwa habari nyingine. Shuka kwa hatua fupi.

Aliye mbele ana kazi yake pia, hata kama hakukusudia. Februari 1974, kule Christchurch, New Zealand, Mtanzania Filbert Bayi aliongoza mbio za mita 1,500 kuanzia mwanzo mpaka mwisho na kuweka rekodi ya dunia ya dakika 3 na sekunde 32.2. Watu wengi hapa wanaijua hiyo. Kisichosemwa sana ni kwamba John Walker wa New Zealand, aliyekuwa anamfukuzia na kushika nafasi ya pili, naye alipita chini ya rekodi iliyokuwapo. Sidhani kama angetembea namna ile bila mgongo wa Bayi mbele yake. Kwa hiyo katika kundi lako awepo mmoja anayekuzidi kidogo. Nasema kidogo. Anayekuzidi sana hakuvuti, anatoweka tu.

Programu za simu za kupima mwendo, Strava na nyinginezo, zitumie ukipenda. Mimi naona zinaleta maneno kwenye kundi la watu wa kawaida. Mtu anakimbia na wenzake, jicho liko kwenye mkono.

Tena usipange kukimbia kila siku. Shirika la Afya Duniani linawashauri watu wazima kupata angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, au 75 za mazoezi mazito. Asubuhi tatu za dakika hamsini zinakufikisha hapo. Kundi linalotangaza kukimbia siku sita kwa wiki huwa linakimbia wiki tatu. Na jihadharini na kundi linaloanza kwa kuchangishana fulana kabla halijakimbia hata Jumamosi mbili. Mchango wa fulana unaleta mhasibu, mhasibu analeta maswali, maswali yanaleta grupu la pili la WhatsApp la waliokasirika.

Kuhusu gizani: kumi na mbili kasorobo bado kiza huku kwetu, na kuna bodaboda zisizo na taa. Kimbieni upande wa kulia, mkitazamana na magari yanayokuja, mmoja nyuma ya mwingine barabara ikiwa nyembamba, na angalau wa mbele na wa nyuma wavae kitu kinachong'aa. Kwa akina dada hili la kundi si suala la hamasa peke yake. Dada mmoja wa kwetu aliniambia wazi kwamba kabla hajatupata alikuwa anazunguka ua wa nyumba yao, kwa sababu peke yake barabarani alfajiri hawezi. Tunampitia getini na tunamrudisha getini. Mkiwa na mwanamke kwenye kundi, panga njia kwa kuanzia kwake.

Sasa masika yenyewe. Mvua ya mwezi wa nne mara nyingi hunyesha usiku na kuendelea hadi alfajiri, na hapo ndipo kila mmoja anaangalia dirishani na kuamua kwamba wenzake hawatakwenda. Kwetu mvua haifuti miadi. Tunakutana chini ya baraza, tunasubiri robo saa. Ikipungua, tunakimbia kwenye lami tu, njia za vumbi za Rau tunaziacha mpaka zikauke kwa sababu tope lake linavunja watu vifundo. Ikiendelea, tunafanya mazoezi palepale barazani: kuchuchumaa na kuinuka, kupanda na kushuka kizingiti, kunyoosha viungo, soga kidogo, tunarudi. Kukiwa na radi, hakuna mjadala, kila mtu nyumbani. Mtu wa nje angeona tumepoteza asubuhi. Lakini Alhamisi inapofika hakuna anayeanza upya, kwa sababu hakuna aliyeacha. Raba zikilowa, toa soli ya ndani, zijaze magazeti, zianike kivulini. Ukiziweka karibu na jiko, gundi inaachia.

Desemba ni mtihani mwingine, na sisi wa Kilimanjaro tunaujua. Ndugu wanapanda kutoka Dar, kuna ng'ombe, kuna mbege, kuna ubatizo na harusi kila Jumamosi. Usipigane nayo. Tunapunguza mpaka siku moja kwa wiki na tunawakaribisha wageni. Shemeji wa Dar anayejisifia kukimbia ufukweni akionja mlima wa Kibosho huwa ni burudani tosha.

Wanaopotea watakuwapo. Msiba, homa, kazi mpya, mtoto mchanga. Ugumu si kule kupotea, ugumu ni kurudi, kwa kuwa anayerudi anajua ataachwa nyuma na anahisi atahojiwa. Msimtaje kwenye grupu kwa utani wa "fulani amekuwa mheshimiwa siku hizi". Mmoja ampigie simu, amwambie Jumanne tunatembea, hatukimbii. Na kweli mtembee siku hiyo, wote. Aliyetoka kuumwa anahitaji wiki ya kutembea kabla ya kukimbia, na anaihitaji akiwa na watu.

Kama huna kundi kabisa, usianze kwa kutafuta wakimbiaji. Mtafute jirani mmoja ambaye tayari anaamka mapema kwa sababu zake: anayefungua duka, anayetoka misa ya kwanza au swala ya alfajiri. Usimwambie "twende tukakimbie", atakuonyesha kitambi na kucheka. Mwambie unatembea haraka nusu saa na hupendi kutembea peke yako, halafu mtajie siku, mahali na saa.